Sidiria Isiyo na Waya

Nyemo mwanangu,

Haya, nimeliandika. Wewe ulipoliandika kwenye kikaratasi ukakibandika kwenye kioo cha chumbani kwako, nilikibandua mara mbili nikakitupa, na mara zote mbili ulibandika kingine bila kunisemesha. Kiburi hicho umekitoa kwangu, usimsingizie marehemu baba yako. Leo nimeshika kalamu mwenyewe nikaliandika jina ulilojichagulia, na mkono haujakauka.

Umeenda kusukwa kwa rafiki yako, mmejifungia ndani, na najua mtachelewa. Nakuandikia kwa sababu tukisema tunagombana. Jana tumegombana mpaka jirani akaongeza sauti ya redio, sijui kwa aibu au ili tusijue anasikiliza. Ulisema kesho utasafiri kama ulivyo, sidiria yako ndani, gauni lako la maua juu, na kwenye ukaguzi wa stesheni utasimama foleni ya wanawake. Nikakwambia huna akili. Nikakwambia vaa shati pana, jifunge kanga kifuani, pita na wanaume, ukishafika Dar es Salaam ujibadilishe unavyotaka. Ukasema, "Mama, kifua hiki hakifungiki tena." Ukaingia chumbani, na ugali ukapoa mezani.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kuchagua marafiki. Una miaka ishirini na moja, umepata kazi ya kuchora matangazo kabla wenzako wengi hawajapata hata kibarua, na maji unajua kuyachemsha kuliko mimi ninayeunguza sufuria. Nitakuandikia makosa yangu, maana hayo hakuna mwingine wa kukuandikia.

Kazi yangu unaijua. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye mageti ya mji huu, kwenye maofisi, kumbi na viwanja vya mikutano ya injili, na sare ya kampuni, na kile kifimbo cheusi kinacholia kikikuta chuma. Wanaume huku, wanawake huku! Sauti hiyo ndiyo iliyokusomesha. Wanawake wa kila aina wamepita mikononi mwangu, wake wa wakubwa na wauza karanga. Na kuna jambo watu hawalijui: kinachokiliza kifimbo kwa wanawake si kisu wala bastola, ni sidiria. Zile zenye waya chini ya titi. Kifimbo kikilia ni lazima mkono ufuate, ndiyo utaratibu. Kwa hiyo nawajua wanawake kwa sidiria zao. Najua nani amefungia pini, nani amevaa ya mdogo wake, nani amevaa ya sikukuu siku ya kazi.

Siku nitakayokusimulia sasa umeshaisikia, lakini uliisikia nikiwa naicheka, na kuna kitu nilikuficha.

Ulikuwa kidato cha nne. Kulikuwa na kongamano kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, jua kali, upepo na vumbi, foleni imekunja kona. Akaja mtu upande wangu amevaa gauni la kitenge na kilemba, mrefu kidogo, ananukia vizuri, ametoa shikamoo ya adabu. Kifimbo kikalia. Mkono ukafuata. Nikakuta waya, na ndani ya sidiria sikukuta titi, nilikuta soksi. Soksi mbili zilizokunjwa kwa uangalifu, kila moja upande wake.

Alinitazama. Nyemo, ule haukuwa woga wa mwizi. Woga wa mwizi naujua, macho yanatafuta pa kukimbilia. Huyu hakutafuta pa kukimbilia. Alisema polepole, "Mama, nakuomba." Basi, hayo tu.

Pembeni ya kila geti kuna chumba kidogo, au kibanda, au hata pazia. Ukikuta kitu usichokielewa, unamwambia mtu, "Tusogee huku," mnakwenda wawili, mlango unafungwa, mnamalizana. Kitabu cha kazi kinasema hivyo, na nilikuwa nakijua. Chumba kilikuwa hatua tano kutoka niliposimama. Badala yake nikapiga kelele. "Huyu si mwanamke huyu! Njooni muone!" Halafu, na hili ndilo sikukusimulia, nikakishika kilemba chake nikakivua mwenyewe, ili watu waone vizuri. Hakuna aliyenituma. Utaratibu hausemi mvue mtu kilemba.

Watu wakaangua kicheko. Simu zikatoka. Wanaume wakaacha foleni yao wakaja, wakampeleka nyuma ya ukumbi. Mimi nikasema, "Anayefuata!" Nilisikia yaliyokuwa yakiendelea nyuma huko, lakini sikugeuka. Jina lake sikuuliza. Alikoishia sijui mpaka leo, na naona haya hata kumuuliza Mungu.

Jioni ile nikaja nyumbani nimejaa kama mtu aliyeshinda kesi. Tukawa tunakula ugali na mlenda, nikakusimulia. Nikakuigizia sauti yake. "Mama, nakuomba," nikaibana pua, nikacheka mpaka nikapaliwa. Ukanipiga mgongoni, ukanipa maji, ukanawa mikono, ukasema umeshiba. Sahani yako ilikuwa imejaa vilevile. Nikadhani una malaria.

Huyo ndiye mama uliyekuwa nyumba moja naye. Naandika nikiwa nauma meno.

Mwaka jana ulipoleta cheti chako cha chuo, nilikukumbatia pale mlangoni. Nilikuwa na furaha, haki ya Mungu, nilikuwa nataka kupiga vigelegele. Mkono wangu ukapita mgongoni mwako ukakuta mkanda. Mwenzangu, mkono wa kazi hauombi ruhusa. Ukateremka, ukakuta vishikizo, ukakuta pini mbili za kupunguzia, ukakuta mpaka kile kishikizo nilichowahi kukishona kwa uzi mnene. Ilikuwa yangu, ile ya rangi ya maziwa niliyokuwa nimeitafuta nikamsingizia panya.

Ningeweza kukubana tu kifuani pangu na kunyamaza. Nilikuwa na nafasi hiyo. Nikarudi nyuma hatua moja nikasema, "Vua."

Ukasema, "Mama, nakuomba."

Maneno hayo nilikuwa nimekuigizia mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye meza ileile. Ulijua unachosema na mimi nilijua ulichosema. Hata hivyo nikarudia, "Vua, nimesema." Ukageukia ukutani, ukavua, ukaikunja, ukaiweka juu ya meza karibu na cheti. Ukaniuliza kama nimeridhika. Nikakwambia usinijibu ovyo.

Wiki tatu hatukusema zaidi ya shikamoo na marahaba. Niliwaza kumwita mchungaji. Niliwaza kukupeleka kwa bibi yako Chemba ukachunge ng'ombe mpaka uwe sawa. Niliwaza na mengine ambayo siyaandiki kwa sababu barua hii utaibeba. Halafu jioni moja unaosha vyombo, umenipa mgongo, ukasema, "Siku ile uliposimulia ya getini, nilijua ipo siku utanikagua mimi." Hukulia. Niliyelia ni mimi, kisha nikakukasirikia kwa kuniliza. Ndivyo nilivyo, umeshanizoea.

Sitajidai kwamba nilielewa siku ile. Nilielewa kidogokidogo, kwa shingo upande. Hata sasa kuna asubuhi naamka nimesahau kuelewa, nakuita jina la zamani, nakuona unavyokaza taya, naanza upya. Ukaniambia kuhusu dawa unazotumia, zinazokuotesha kifua. Ukaniambia kuna daktari anayekufuatilia. Nikaamini kwa sababu nilikuwa nimechoka kutokukuamini.

Sasa nije kwenye Jumamosi iliyopita, maana najua bado una hasira nayo.

Ulikuwa umeanza kutembea umekumbatia mkoba kifuani, na bodaboda ikiruka tuta unafumba macho. Maumivu hayo nayajua. Nilikuwa nayo nikiwa na miaka kumi na tatu, na mama yangu hakunisemesha, alinitupia kitandani sidiria kuukuu ya shangazi akaenda zake kisimani. Nikasema kwangu haitakuwa hivyo. Nikakwambia, "Jiandae, twende sokoni Sabasaba." Ukaniuliza tunakwenda kununua nini. Nikashindwa kulitamka, mimi mwenye mdomo huu. Nikasema, "Kitu chako."

Nilikuwa nimepanga kila kitu kimlinzi. Utavaa shati na suruali kama siku zote. Nitasema namnunulia binti yangu aliyeko shule ya bweni. Utasimama pembeni, dakika tano, tumeondoka. Mpango wa kijinga, maana saizi ya mtu asiyekuwepo unaipimaje?

Yule mama muuzaji, wa Kondoa, mwenye ushungi wa kijani, alikuwa amekaa katikati ya mlima wa sidiria za mtumba. "Chagua mama, chagua, lastiki bado ngumu hizi!" Akaniuliza saizi. Nikasema sijui, yuko shule. Akauliza, mnene au mwembamba? Nikababaika. Mimi niliyepapasa vifua vya nusu ya mji huu nikashindwa kusema saizi ya mwanangu! Nikasema, "Kwa mgongo wanalingana na huyu kaka yake."

Neno "kaka" lilinitoka. Nikakuona unavyolipokea.

Akakuita. "Kaka, hebu sogea tumpimie dada yako kwako, usione haya." Wanawake wawili waliokuwa wakichagua wakacheka, mmoja akasema, "Huyu kaka atapendeza!" Na mimi nikacheka nao. Kidogo, kwa woga, lakini nilicheka, na ulinisikia.

Kabla sijapata neno alikuwa ameshakuzungushia ile tepu yake ya kupimia. Mkono ukapita mgongoni, ukapita chini ya kifua, ukapanda, ukasimama.

Nyemo, niliuona mkono ule ukisimama. Sekunde ile naijua, nimewahi kuwa ndani yake. Mkono umeshakuta kitu, akili bado iko njiani, na mdomo ndio unaanza kufunguka. Akakutazama usoni, ulikuwa umefumba macho. Akanitazama mimi. Wale wawili bado wanacheka, wauza viatu wa upande wa pili wametugeukia, na mimi nafikiria tukimbilie wapi, kwenye barabara au kwenye vibanda vya nyama. Nilikuwa nimeshakushika shati kwa nyuma, sijui kama ulisikia.

Akaikunja tepu. Akasema kwa sauti yake ya biashara, kila mtu akasikia, "Haya kaka, asante, kazi yako imekwisha. Dada yako mgongo thelathini na sita, kifua ndiyo kwanza anaanza." Akawageukia wale wawili. "Nanyi mnanunua, au mmekuja kuangalia kaka za watu?" Wakanuna, wakaondoka.

Halafu akatandaza nne tano mbele yetu kama vile hakuna kilichotokea. Niliona macho yako yalipokwenda. Yalikwenda kwenye ile ya rangi ya damu ya mzee, yenye lesi juu na kijiua katikati. Uliigusa kwa kidole kimoja. Nikaidaka nikaibonyeza chini, nikakuta waya, nikaitupa kwenye rundo. "Hiyo hapana." Ukaniuliza kwa nini, na sikukujibu. Yule mama akainama kwenye mfuko wake, akatoa nyeupe ya pamba, mikanda mipana, laini, akakusogezea wewe, si mimi. Akakwambia polepole, "Ya waya isubiri. Kifua kinachoanza kinauma, waya utakukata. Anza na hii, baadaye utavaa unayoitaka."

Sote wawili tuliikataa ile yenye waya, mwanangu. Yeye alikuwa anawaza kifua chako. Mimi nilikuwa nawaza geti. Nilikuchagulia sidiria ya kwanza maishani mwako kwa akili ya mlinzi, nikiangalia ipi haitalia. Njiani ulisema, "Nguo za kujifichia ninazo nyingi, mama," na mimi nikakwambia huna shukrani. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Nyeupe ilikufaa, hilo sirudi nyuma, lakini ungeweza kuambiwa sababu, na ungeweza kuulizwa.

Tangu siku ile yule mama hanitoki kichwani. Nilitaka nirudi nimuulize alijifunzia wapi. Hakuna alikojifunzia. Hatujui, hatudai, labda hata hakubaliani na mambo yako, labda akifika kwake anatuombea. Lakini mkono wake ulikuta kitu asichokielewa mbele ya watu, na akafunga mdomo. Ni hilo tu. Wala halikumchukua muda. Nami nilishindwa, tena mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa mtoto niliyemzaa.

Nyumbani ulishindwa kuifunga. Nilikusikia chumbani unavyohangaika na vishikizo, nikasimama nje ya mlango kama mwizi. Mwishowe ukaita, "Mama." Nikaingia. Nikakuonyesha tunavyofanya: unaifungia mbele kwenye tumbo, unaizungusha, ndipo unapandisha mikanda. Ukacheka, ukasema kumbe ni rahisi hivyo. Nikakurekebishia mikanda mabegani. Ukasema, "Mikono yako inatetemeka." Nikasema ni baridi. Dodoma, saa nane mchana, baridi! Hukunibishia, na nakushukuru. Ulijigeuza kwenye kioo ukajitazama kwa ubavu, na uso wako, mwanangu, ulitulia. Nilikuwa sijauona umetulia hivyo tangu ukiwa darasa la pili. Nilitoka haraka nikaenda kukaa chooni, nikalia humo kwa nafasi.

Sasa nikwambie kwa nini jana nilipiga kelele vile, kisha nikwambie nilichokifanya leo. Hiki cha leo huenda ukanichukia nacho.

Jana ulidhani naona aibu. Hapana. Naijua kazi ile, Nyemo. Ukienda foleni ya wanaume, kifimbo hakitalia, sawa, lakini mkono wa mwanaume utapita kifuani na utakuta kilichopo. Ukienda foleni ya wanawake, kifua hakitamshangaza mtu, lakini watakuomba kitambulisho, na kitambulisho kina jina lile lingine na picha ile nyingine. Usiku kucha nilikuwa nikikupitisha kichwani, huku, kisha huku, na kila nikikupitisha unakamatwa. Hakuna foleni yenye usalama. Nilikuwa nakufokea ili nisikwambie hivyo.

Na kuna la pili. Anayesimama upande wa wanawake kesho asubuhi ni Rehema. Humjui. Mimi namjua, kwa sababu nilimfundisha kazi kabla hajahamia pale. Nilimfundisha kushika kifimbo, nikamfundisha kupapasa kwa mgongo wa kiganja, na nikamfundisha hivi, kwa mdomo wangu: ukigusa kitu hukielewi, piga kelele kwanza, maswali baadaye. Ya chumba cha pembeni nilimwambia yapo kwenye kitabu tu. Kwa hiyo mikono itakayokupokea kesho, niliyeitengeneza ni mimi.

Leo asubuhi nilikwambia naenda kununua betri za redio. Nilikwenda Ihumwa, nyumbani kwake. Nimemkuta anafua sare. "Shikamoo mama, leo umetukumbuka!" Akanitolea kigoda. Nikakaa, nikasifia mtoto wake, nikasifia nyumba yake, nikasifia mpaka kuku. Akaniuliza, "Mama, una shida gani?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuzunguka, yote yakapotea. Nilisema, "Kesho asubuhi binti yangu atapita kwako, na kitambulisho chake kinasema ni mwanaume." Sijawahi kusema "binti yangu" mbele ya mtu. Nilidhani ardhi itapasuka. Kuku wakaendelea kudonoa.

Rehema alikuwa ameshika shati lenye maji, akaacha kulikamua. Akasema, "Mama, wewe si ndiye uliyenifundisha kupiga kelele?"

Nikasema, "Ndiyo maana nimekuja."

Maji yanamchuruzika miguuni, hayaoni. Kisha akasema, "Siku ile ya ukumbini nilikuwepo. Nilikuwa nyuma yako. Nilichukua picha kwa simu." Akasema aliifuta. Hakusema lini. Nikamwambia kwamba ya chumba nilimdanganya, kwamba mtu ana haki ya kukaguliwa faraghani, mlango ukiwa umefungwa, na kwamba yule mtu wa siku ile alikuwa anastahili hivyo na nilijua. Alikamua shati, akalianika, akaja akasimama mbele yangu. Akauliza, "Treni ya saa ngapi?"

Nikamtajia. Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Hakuniahidi kitu, Nyemo. Nataka ulijue hilo vizuri. Hakusema atakusaidia, hakusema atakuchoma. Nimemtazama mpaka machoni kama ninavyotazama watu kazini, na sikuweza kumsoma.

Kwa hiyo nimekutaja kwa mtu tena, bila kukuuliza. Nilipanda bodaboda kurudi nikiwa najiona shujaa, tulipokaribia mjini nikawa najiona mchawi. Labda nimekufungulia mlango. Labda nimerudia lilelile la kilemba, ila safari hii kwa nia njema. Sijui. Siri ilikuwa yako na nimeitoa mimi, na huwezi kuamua la kesho bila kulijua hili, ndiyo maana naliandika kabla sijajishauri kulificha. Ukitaka kubadilisha treni, tutabadilisha. Ukitaka kusubiri wiki, subiri, wenye kazi nitawapigia niseme unaumwa tumbo. Ukitaka usinisemeshe mpaka ufike, nimezoea, nina mazoezi ya wiki tatu.

Najua lakini hutabadilisha. Nimeshakuona unavyolinyoosha lile gauni kwa pasi.

Basi niseme moja la kimlinzi, la mwisho. Wakikusimamisha, usiseme "nakuomba." Neno hilo nimelisikia mara mbili na mara zote mbili liliniongezea nguvu ya kukosea. Sema, "Naomba nikaguliwe faraghani, ni haki yangu." Lisemee hapohapo kama unavyonisemea mimi ukiwa umekasirika. Mlinzi akisikia mtu anaujua utaratibu, anarudi kwenye utaratibu. Najua, kwa sababu ningerudi.

Foleni sikuchagulii. Nimekuchagulia vya kutosha. Lakini tiketi nimekata mbili. Yangu inaishia Morogoro, nitateremka huko nirudi, usiwe na wasiwasi, siendi kukaa kwenye chumba mtakachoishi na wenzako huko Dar kuwaunguzia sufuria. Nimeikata ili nami nipite pale pa ukaguzi. Ukisimama na wanawake, nitakuwa nyuma yako, karibu, mpaka unisikie ninavyopumua. Ukisimama na wanaume, nitasimama na wanaume, na watakaonitazama watazame, nimewapanga watu kwenye foleni hizo miaka kumi na tisa, kesho waje wanipange na mimi.

Na mtu akikunyooshea kidole akuambie toka kwenye mstari, usigeuke kunitafuta. Tutakuwa tumeshatoka wawili.

Mama yako